Kifaransa cha Kushikia Kiti

Ukunda, 4 Februari 2024

Mjomba Garama,

Shikamoo. Na Nyanya pia nampa shikamoo yake kupitia kwako. Mshike ule mkono unaosikia umwambie ni wa Kahaso. Mimi sijambo. Barua hii nampa dereva wa gari la Kinango aiache dukani kwa Fondo kama tulivyopatana, maana huko kwenu simu ni mpaka mtu apande kilimani, na Kifaransa chenyewe nataka nikione kimeandikwa. Atieno, jirani yangu tuliyekuwa naye kwenye chumba cha dobi, anakusalimu na anauliza habari za mgonjwa.

Mjomba, leo nimetimiza wiki nzima kwenye dawati lako la wageni hapa hotelini. Kiti chako kimenizidi kimo, nimekiwekea mto. Wageni wanakuja, wanaangalia kushoto, wanaangalia kulia, wanauliza, "Et Garama?" Nawaambia umekwenda kumwuguza mama yako na mimi nakushikia nafasi mpaka mwisho wa Aprili. Wengine wanasikitika waziwazi mbele yangu, na siwalaumu. Kutoka kukunja mashuka hadi kukaa hapo ulipokaa wewe miaka kumi na saba, hata mimi ningesikitika.

Daftari lako la Kifaransa nimelisoma mpaka ukurasa wa thelathini na nilikuwa naenda vizuri. Kisha nikafika kwenye vile vitenzi vya mtu kujitenda mwenyewe, nikakwama hapo hapo. Wageni wanavitumia kutwa. Me huku, se kule, vous mara mbili kana kwamba mtu ana kigugumizi. Nielekeze kabla meneja, Madamu Gillian, hajagundua kwamba nikichanganyikiwa huwa natabasamu tu na kuwapa ramani ya ufuo.

Mpwa wako,
Kahaso


Kinango, 18 Februari 2024

Mpwa wangu Kahaso,

Marahaba. Shikamoo ya Nyanya nimeifikisha kwa mkono kama ulivyoagiza, naye alinibana vidole mara mbili, kwa hivyo moja ni yako. Upande wa kulia bado umelala. Bwawa limebaki tope, mbuzi wanakunywa tope hilo hilo, na mimi mikono imeota sugu. Ukinikuta njiani hutanitofautisha na mchunga mifugo yeyote. Hilo usimwambie mtu hapo hotelini, niachie heshima yangu.

Sasa sikiliza. Sisi tuna "ji" moja na inatosha watu wote: najiosha, unajiosha, wanajiosha. Mfaransa hakuridhika na moja. Kila mtu ana yake: je me lave, tu te laves, elle se lave, nous nous lavons. Kwa mgeni wewe utatumia vous tu, tena mara mbili, vous vous lavez, wala usione haya kuirudia. Si kigugumizi, ni adabu. Jambo la pili ni kwamba yeye hujitenda hata pale ambapo sisi hatujitendi. Sisi tunaamka na kuinuka, yeye hujiinua, je me lève. Sisi tunakaa, yeye hujikalisha. Hata kukumbuka hujikumbusha mwenyewe, je me souviens. Ni watu wa kujishughulikia sana.

Nimepata njia ya kukariri. Kila asubuhi ninapomhudumia Mama nasema polepole: elle se réveille. Kweli, kuzinduka anazinduka peke yake. Elle se lève. Hapana, namwinua mimi. Elle se lave, hapana, namwosha mimi. Elle s'habille, hapana, namvisha mimi. Nikimaliza anaitikia amina, anadhani namwombea dua. Mama yako Subira angekuwa hai asingeniachia kazi hii, na mke wangu nilikuwa naye akarudi kwao, kwa hivyo ni mimi na Kifaransa changu.

Mgeni akifika mwambie, "Asseyez-vous," yaani keti. Asubuhi muulize, "Vous vous êtes bien reposés?" yaani mmepumzika vyema. Akija na malalamiko, kabla hajamaliza, "Ne vous inquiétez pas," yaani usijitie wasiwasi. Hayo matatu yatakuvusha mwezi.

Na kuhusu kiti, usiogope kukikalia. Mwaka ule nilipovunjika mguu mwenzangu Alfani alinishikia miezi mitano, na siku niliyorudi akainuka hata kabla sijaegemeza fimbo yangu. Nami nilimshikia alipokwenda kuoa. Ndivyo tulivyo pale, tangu zamani.

Mjomba wako,
Garama


Ukunda, 10 Machi 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo, na pole kwa kazi ya mgonjwa na ya mifugo. Nasikia Samburu kumenyesha. Labda na kwenu itafika. Huku joto, feni ya chumba changu imekufa, nalala mlango wazi na Atieno ananicheka.

Nimeaibika, Mjomba, na afadhali nikueleze mwenyewe kuliko usikie kwa Alfani. Alikuja mzee wa Kibelgiji na mkewe wakitaka safari ya mashua ya Funzi inayoondoka alfajiri. Nikataka kuwauliza kama huwa wanakwenda kulala mapema. Nikamtazama mzee machoni kama unavyofunza, nikamwuliza, "Vous couchez?" Nikasahau vous ya pili. Mzee akawa mwekundu mpaka masikioni. Mkewe alicheka akaliinamia dawati. Sijui nilisema nini hasa, ila siku hizi mzee akipita ananiinamishia kofia kutoka mbali, na mkewe ananiletea peremende.

Ukiacha hilo, naendelea. Juzi kundi la Waswisi walinizunguka na maneno yakawa yananitoka tu. Vous vous êtes bien reposés, vous vous promenez où, yaani mnatembea wapi, yote. Bwana mmoja akaniita mademoiselle Kahaso, jina kamili, wala si "wewe wa mataulo". Madamu Gillian alikuwa amesimama nyuma. Akanipiga begani akasema kwa kile Kiswahili chake cha bara, "Kahaso, uko sawa hapo, wacha nikwambie." Nilitembea kurudi nyumbani bila kuhisi miguu.

Wanaokuulizia wamepungua kidogo. Ni wageni wapya wengi, hawakukujua.

Nisalimie Nyanya sana.
Kahaso


Kinango, 24 Machi 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako niliisomea pale dukani kwa Fondo, nikacheka mpaka watu wa mnadani wakanigeukia. Ulichomuuliza yule mzee sitakuandikia maana yake, mimi ni mjomba wako. Muulize mke wake. Ila ujue vous ya pili haiachwi, hata nyumba iwe inaungua.

Mama anameza uji bila kukohoa na juzi alitamka jina langu, nusu ya jina. Daktari wa Kinango anasema ameanza kurudi lakini asiachwe peke yake, miezi miwili zaidi, labda kidogo kuzidi. Nimekaa na neno hilo siku tatu. Kiti nakitaka, sitakuficha. Asubuhi nikiamka mikono yangu inatafuta shati jeupe. Lakini siwezi kumwacha.

Kwa hivyo ndani ya barua hii kuna bahasha ya Madamu Gillian, nimeifunga na kuandika jina lake. Naomba aniongezee likizo mpaka mwisho wa Juni. Mpe mkononi kabla ya tarehe kumi na tano Aprili. Unajua kanuni yao: anayetaka kuongezewa awe ameandika kwa mkono wake na kutia sahihi, na baada ya tarehe hiyo mtu huhesabiwa ametoroka kazi. Simu hawaisikilizi. Usimpe katibu, usiiache mapokezi. Mkononi.

Leo sina somo. Rudia ya zamani.

Garama


Ukunda, 28 Aprili 2024

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, shikamoo na kwa Nyanya. Unisamehe kwa kuchelewa, kazi imekuwa nyingi, kisha mvua, kisha gari la Kinango likawa halipiti kwa sababu ya matope, kisha nikawa na homa siku mbili. Sasa sijambo kabisa. Nafurahi sana Nyanya anatamka. Mwambie ajaribu na jina langu, ni fupi.

Huku wageni wamekwisha. Bwawa la kuogelea limebaki la tumbili. Watu wengi wamerudishwa makwao, wa jikoni, wa bustani, wa dobi karibu wote. Atieno naye ameachishwa, anauza samosa mbele ya nyumba. Mimi nimebakizwa. Kwenye dawati wamesema atabaki mtu mmoja tu.

Kifaransa nasoma kila siku. Nimemaliza daftari lako na kuanza jipya. Sasa nasema hata ya wakati uliopita, je me suis levée, je me suis lavée, na ile e ya mwisho ya mwanamke siisahau. Ninaweza kueleza asubuhi yangu yote kwa Mfaransa tangu kuzinduka hadi kufunga mlango. Kitu gani tena? Mkurugenzi amenunua miavuli mipya ya ufuoni, ya rangi ya manjano. Alfani amekwenda kwao Msambweni mpaka Julai.

Naiishia hapa, gari linaondoka.
Kahaso


Kinango, 12 Mei 2024

Kahaso,

Marahaba. Mama hajambo. Mvua imefika, nimepanda mahindi vipande viwili. Mbuzi mmoja amezaa pacha.

Umeniandikia kurasa mbili, umenipa habari za tumbili na za miavuli ya manjano, na bahasha hukuitaja. Labda uliharakishwa na gari.

Somo la leo ni la kuomba radhi, maana kwenye dawati utaombwa radhi kidogo na wewe utaomba sana. S'excuser, hiyo ni ya kila saa, ukimkanyaga mtu. Se tromper ni kukosea: je me suis trompée de chambre, nimekosea chumba. Inafaa pale mtu alipokosea kweli bila kukusudia. Ukiwa ulikusudia, hiyo haikufai, usiitumie. Se taire ni kunyamaza. Mfaransa hata kunyamaza hujinyamazisha mwenyewe, hanyamazishwi na gari wala homa. Na ipo s'en vouloir, je m'en veux, yaani naionea nafsi yangu uchungu kwa nililofanya. Hiyo si ya mgeni. Hiyo huambiwa mtu wako.

Vifanyie zoezi, uniletee sentensi moja moja.

Garama


Ukunda, 26 Mei 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nashukuru kwa somo. Hongera kwa mahindi na kwa mbuzi pacha. Nyanya nampelekea khanga moja na mafuta ya nazi ya kumpaka ule upande, Fondo atakupa mfuko.

Je m'excuse de mon retard. Je me suis trompée de jour. Je me tais. Naomba radhi kwa kuchelewa, nimekosea siku, nanyamaza: hizo tatu, nirekebishie. Ya nne sijaielewa vizuri, nitaituma nikiielewa.

Kuhusu ofisi, Madamu Gillian hajasema neno. Wakubwa wako hivyo, wananyamaza mpaka wenyewe watake. Usijitie wasiwasi, mshughulikie Nyanya kwanza.

Kahaso


Kinango, 9 Juni 2024

Kahaso,

Marahaba. Khanga imefika, Mama ameifurahia, alikataa kuivua.

Sentensi zako hazina kosa.

Ninakuja Jumatatu tarehe mosi Julai, zamu ya asubuhi. Mke wa Fondo atakaa na Mama. Nipigie pasi mashati yangu mawili yaliyo kwenye sanduku chini ya kitanda chako. Na kile kibati cha jina langu kiko kwenye droo ya juu ya dawati, upande wa kulia. Kisugue na majivu mpaka jina lionekane.

Garama


Ukunda, 16 Juni 2024

Mjomba Garama,

Shikamoo. Sijui kama utaiitikia ukimaliza kusoma.

Mashati sijayapiga pasi. Kibati hakimo kwenye droo. Kwenye droo kuna changu, na jina langu, na nimekivaa tangu Aprili. Cha kwako kimo kwenye kopo la chai humu chumbani, kimefunikwa na bahasha yako. Mjomba, bahasha sikuitoa.

Nitakuandikia ilivyokuwa, na sitaipamba. Ilinifikia tarehe mbili Aprili, nikaitia mfukoni nikaenda nayo kazini. Asubuhi ile kulikuwa na Wafaransa thelathini na Madamu alikuwa akinitazama, nikasema nitampa jioni. Jioni akaniambia, "Kesho ni wewe tena peke yako." Nikasema nitampa kesho. Mjomba, sikusahau hata siku moja. Niliiona kila nilipofungua mfuko. Tarehe kumi na mbili nikaihamishia kwenye kopo ili nisiione, na bado niliiona.

Tarehe kumi na sita Madamu akaniita ofisini. Akauliza, "Huyo uncle wako ameandika?" Nilikuwa nimesimama, mlango uko wazi, sauti ninayo. Nikamjibu, "Sijui, Madamu." Basi. Ni maneno mawili. Akanisogezea mkataba na kalamu. Alisema atabaki mtu mmoja, na kama si mimi ataletwa mwingine kutoka Mombasa, na mimi nirudi dobi, na dobi yenyewe inafungwa. Nilitia sahihi. Mkono haukutetemeka, na hilo ndilo linalonitisha nikilala.

Wewe ndiye uliyenitoa Kinango na mfuko wa plastiki wenye nguo mbili. Ulinisomesha. Uliniombea kazi ya dobi, ukaniombea na kiti, ukakaa huko kwenye vumbi unanifundisha namna ya kukukalia kiti vizuri zaidi. Kila somo ulilotuma nililisoma kama mwizi anayefundishwa na mwenye nyumba mahali funguo zilipo, na bado nililisoma. Nilipata alama. Nilisifiwa. Na kuna siku nilifurahi, Mjomba, sitadanganya tena, kuna siku nilitembea pale ndani nikajiona mtu.

Ile ya nne niliielewa siku ile ile ulipoituma. Je m'en veux. Nimeiandika kwenye daftari mara nyingi, na kila mara nikapata sababu ya kutoituma.

Mwisho wa mwezi huu nitaandika barua ya kujiuzulu. Nitampa Madamu na bahasha yako nimweleze ukweli. Ukiniambia nifanye lingine, nitalifanya. Usije tarehe mosi bila kujua ukafika getini na shati jeupe mbele ya askari wale.

Kahaso


Kinango, 23 Juni 2024

Kahaso,

Mama hajambo.

Nilijua. Tarehe nane Mei Fondo alinipa barua ya hoteli yenye muhuri, kwamba nimeacha kazi bila taarifa na nafasi yangu imepewa wewe. Niliisoma nimesimama katikati ya magunia. Fondo akauliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, habari za kazi tu.

Kwa hivyo lile somo la kuomba radhi nililiandika nikijua. Na ile ya kukuagiza usugue kibati niliiandika nikijua, na sikuwa na nia ya kuja. Nilijiambia nakungoja useme mwenyewe. Si kweli yote. Nilikaa hapa jioni nikikufikiria unavyoisoma, unavyokosa pa kujificha, na nikaona raha. Mtoto niliyemnunulia daftari lake la kwanza, namchoma taratibu na raha naiona. Umeniandikia lako, na mimi nakuandikia langu.

Sasa hili la kujiuzulu. Usithubutu. Ukiondoka kiti kitakwenda kwa mtu wa Mombasa asiyetujua, sitarudishiwa mimi, na Mama atakosa hata huo uji. Bahasha ichome.

Unajua kwamba zamani kwetu mali ya mwanamume haikwenda kwa wanawe. Ilikwenda kwa wapwa wake, watoto wa dada yake. Wazee wameiacha desturi hiyo. Wewe umeirudisha, tena hukungoja nife. Sawa. Lakini haikuwa desturi ya kuchukua ng'ombe tu. Mpwa aliyerithi alichukua na watu wa marehemu, akawalisha, akawauguza, akawazika. Hakuna mpwa aliyechukua zizi akamwacha mama wa mwenyewe amekaa mlangoni.

Namleta Mama kwako Jumamosi hii, tarehe ishirini na tisa. Kitanda kiwe cha chini. Anageuzwa kila baada ya saa mbili. Uji uwe mwepesi, usukume kijiko upande wa kushoto wa mdomo. Usiku huita watu waliokufa, mwitikie. Mimi nikitoka hapo nakwenda Msambweni, Alfani anasema mashua za Funzi zinatafuta mtu wa kusema na wageni.

Usiniulize kama nimekusamehe. Nikijua nitakwambia.

Garama


Ukunda, 4 Agosti 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sina anwani yako ya Msambweni, kwa hivyo barua hii nampa Alfani aliyerudi kazini; atakwenda kwao Ijumaa. Nyanya hajambo. Amenenepa kidogo usoni. Anakusalimu, na safari hii si mimi ninayemtilia maneno, ametamka mwenyewe jina lako lote.

Ulipomleta ulimbeba mgongoni kutoka garini hadi kitandani, ukaweka dawa zake dirishani, ukanieleza mara moja tu kila kitu, nami nikakuletea maji kwa mikono miwili. Ukasema umeshiba. Hukuketi. Majirani walikuwa wanatazama, Atieno akainama akajifanya anachekecha unga. Nimeyafikiria maji yale kila siku. Wewe ndiye uliyenifunza nikiwa mdogo kwamba mtu hukataa maji ya nyumba ya adui tu, au ya mchawi.

Nyanya aliniuliza siku ya tatu, kwa ule mdomo wa upande mmoja na maneno nusu nusu, Garama kakosa nini hata kafukuzwa kazi. Nikamwambia yote. Bahasha, kopo, na maneno yale mawili ofisini. Aliuvuta mkono wake mzima kutoka kwangu akautia chini ya khanga. Siku nne hakula kwa mkono wangu. Atieno ndiye aliyemlisha, mimi nimekaa kwenye kizingiti nasikiliza kijiko. Siku ya tano Atieno alikwenda sokoni, na nilipomletea uji alifungua mdomo. Hata leo jambo lile hajaligusia. Lakini anakula.

Kabla ya zamu namwosha na kumvisha, Atieno anakaa naye mchana, jioni nakimbia kurudi. Wageni wamerejea. Nawauzia safari za Funzi, na wakirudi wananiambia kuna bwana mmoja kwenye mashua anayesema Kifaransa safi, anachekesha, anawaonyesha ndege. Juzi mama mmoja wa Lyon alikusifu mpaka nikashindwa kuandika risiti. Nikamuuliza kama umeuliza lolote kuhusu dawati la hotelini. Akasema hapana. Nikamuuliza tena, akasema hapana, mbona.

Kwa hivyo jua kwamba kila wiki nakuletea watu, na wewe kila wiki unanirudishia watu, na hatujasalimiana.

Sikuulizi ulichonikataza nisiulize. Jumapili sina zamu. Nyanya huamka mapema na anapenda kuketishwa mlangoni. Njoo umwone mama yako. Ukifika nitaweka maji mezani, sitakukabidhi mkononi, na nitatoka nje nikae kwa Atieno mpaka uondoke. Nikirudi nitatazama kikombe.

Mpwa wako,
Kahaso